Swali la mama kuhusu miguu yake

Tangu Jumanne usiku silali vizuri. Nilikuwa nammulika mama nyayo kwa tochi ya simu, kama tufanyavyo kila siku tangu alipokanyaga lile kaa la moto, akaniuliza: "Mwalimu wangu, ulisema neva za miguu yangu zimekufa, ndiyo maana kaa sikulisikia. Mbona usiku miguu inawaka moto? Kilichokufa kinaumaje?"

Nikamjibu, "Mama, sukari ndivyo ilivyo. Meza dawa ulale."

"Haya," akasema, akavuta kanga akajifunika miguu.

Mtihani wa utamilifu umekwisha, posa ya Salma imekubaliwa, nyumba imejaa wageni, nami nasikia "haya" hiyo tu. Miaka kumi na moja nawaambia kidato cha nne kwamba neva ni kama waya wa umeme. Mama naye nilimwambia hivyo hivyo, waya umekatika. Swali lake limeuangusha mfano wangu wote. Angeuliza mwanafunzi, darasa zima lingempigia makofi. Kauliza mama, nikamwambia alale.

Waya uliokatika hunyamaza. Neva ni seli, na seli ni kitu hai. Ile inayohisi kidole gumba cha mguu, mwili wake uko kiunoni, kando ya uti wa mgongo, mdogo usioonekana kwa macho, lakini uzi wake, aksoni, unashuka karibu mita nzima. Chakula cha uzi huo hupikwa kule juu na kusafirishwa chini. Mzigo uendao kasi kabisa hutembea sentimita 40 hivi kwa siku. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu vijishipa vya damu vinavyoilisha neva, na wa kwanza kukosa ni yule aliye mbali. Ncha hunyauka, ganzi ikaingia vidoleni. Lakini nyuzi jirani, zile nyembamba zinazobeba maumivu, ziko hai, ila zinaumwa. Milango yake ya sodiamu, yaani vitundu vinavyoingiza chembe za sodiamu ili kuamsha umeme wa neva, hufunguka bila kuguswa, nazo zinapeleka habari ya moto ambao haupo. Hilo ndilo jibu. Nilikuwa nalo, sikumpa.

Siku ile kliniki nesi alimgusa nyayo kwa uzi wa nailoni, akamwambia afumbe macho na aseme "hapa" kila akihisi. Mimi nilikuwa nauona uzi unapinda. Mama kimya. Unapinda tena, kimya.

Jumamosi nikaleta ngisi kwa ajili ya wageni. Mama akakaa kwenye kibao anawasafisha, nami nikachutama pembeni yake. Nikamwambia mambo haya ya neva yalijulikana kwa ngisi. Ana uzi wa neva mnene, hufikia hata milimita moja, ndio unaomrusha kinyumenyume akiona hatari. Mwaka 1939 Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, waliingiza kidude chembamba ndani ya uzi huo wakapima umeme wake. Ndani ya uzi uliotulia kuna umeme hasi, kwetu sisi kama milivolti 70. Ujumbe ukija, sodiamu inaingia kwa kishindo, ndani panageuka chanya, kisha potasiamu inatoka na pale panatulia, lakini pa mbele pameshashtuka. Ni kama mafundi wanaorushiana tofali kwenye mstari: tofali linafika mwisho, na hakuna fundi aliyeondoka mahali pake.

Mama akaacha kisu. "Kumbe ngisi ana neva nene kuniliko!" Akacheka mpaka wageni wakachungulia. Ndipo nikamwambia na la miguu yake, pole pole, mpaka mwisho. Moyo wangu ukawa mwepesi, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Akamenya ngisi mwingine. Kisha, bila kuniangalia: "Na za mikono je?"

Nikamwambia ukweli, kwamba zinaweza kufuata, na tukiishika sukari isipande huenda zisifike huko. Akasugua kidole gumba na cha shahada, taratibu, ute wa ngisi katikati. "Nasikia," akasema. "Bado nasikia utelezi."

Bati la jikoni lina tundu juu ya jiko, vuli inakuja, na fundi tangu juzi hapokei simu.