Tangazo la Kazi Ndilo Lililokuwa Silabasi Yangu

Nafasi za Mtendaji wa Kijiji Daraja la III zilipotangazwa, magrupu ya WhatsApp ya tuliosoma Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo yalijaa mafaili ya "maswali na majibu ya usaili". Mengine yalikuwa yanauzwa. Nilifungua machache nikakuta majibu ya mstari mmoja mmoja, yasiyoeleza kazi yenyewe ni ipi. Nikaenda stesheneri, nikaprinti tangazo, nikaanza kulisoma kama mtu anayesoma mkataba. Wengi wetu tukishaona sifa za mwombaji na mwisho wa kutuma maombi tunaliacha hapo, wakati chini yake kuna orodha ya majukumu, na maswali mengi yanatoka mle.

Kwa mtendaji wa kijiji orodha ni ndefu. Yeye ni Afisa Masuhuli, yaani anayewajibika kwa fedha na matumizi, na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, anasimamia utungaji wa sheria ndogo, anatunza nyaraka, anapokea malalamiko na migogoro, na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Nilinunua kauntabuku, kila jukumu likapata kurasa zake. Chini ya kila moja nikajiuliza: sheria ipi inasema hivi? Kikao kipi kinaamua? Nani anaidhinisha? Mambo yakiharibika, taarifa inakwenda kwa nani?

Ukurasa wa sheria ndogo ndio ulionifundisha zaidi. Chuoni tulikariri kwamba kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, basi. Nilipofungua Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, nikafuata njia yote: Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, wananchi wanaitwa kutoa maoni yao, halmashauri inapitisha, kisha rasimu inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya hapo huna sheria ya kumtoza mtu faini. Ukishaijua njia hiyo, swali likija kwa sura yoyote unalijibu. Wakikuuliza wananchi wanaokata miti hovyo utawafanyaje, unajua pa kuanzia. Wakikuuliza tofauti ya Mkutano Mkuu wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji, huhangaiki: mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, halmashauri ni wajumbe kati ya 15 na 25.

Ardhi nayo niliipa nafasi kubwa, maana kwetu wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, kama ilivyo kwa jirani zetu Bahi na Chamwino, ofisi ya kijiji haipumziki na habari za mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Haya niliyaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu tumefundishwa kwa lugha moja na wananchi tunawahudumia kwa nyingine, nami sikutaka lugha ininyang'anye jambo ninalolijua.

Baada ya sheria nilikwenda kuiona kazi. Nilipoingia ofisi ya kijiji nikamwamkia mama mtendaji shikamoo. Akaitikia marahaba, mwanangu, na kabla sijakaa akauliza, "Barua ya utambulisho ya nini, chuo au benki?" Nilipomwambia nimekuja kujifunza kazi yake alinitazama kwanza, kisha akavuta droo. Alinionyesha jalada la mihtasari, rejesta ya wakazi na stakabadhi za makusanyo. Akafungua mhtasari wa mkutano mkuu mmoja, akaweka kidole kwenye karatasi iliyobanwa nyuma yake. Ilikuwa orodha ya mahudhurio, saini kwa saini, na waliotia dole gumba wapo. "Mkaguzi akija haanzi na maneno mazuri uliyoandika," akasema. "Anaanza hapa. Akidi, ile idadi ya watu inayotakiwa, ilitimia au haikutimia?"

Mkutano mkuu wa robo mwaka ulipofika nilikaa chini ya mti pamoja na wazee na akina mama nikaandika mhtasari wangu mwenyewe. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa, mzee mmoja akasimama kuhoji fedha za ukarabati wa choo cha shule, mwenyekiti akamjibu, mtendaji akaandika. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini taarifa ile ni lazima isomwe hadharani. Ningeweza kuisoma aya inayosema hivyo mwaka mzima nisiuone uzito wake.

Muda wa kusoma niliupata alfajiri. Mchana nilikuwa nasaidia kwenye biashara ya mahindi Kibaigwa, na msimu wa mavuno ukiwa umechanganya jioni mtu unarudi mwili umechoka.

Jumapili baada ya ibada tulikutana wachache, wote waombaji, tukasailiana. Wawili wanakaa mezani, mmoja anasimama mlangoni na kubisha hodi kama siku yenyewe. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Kujua jibu na kulitamka mbele ya watu wanaokukazia macho ni kazi mbili tofauti. Swali tulilolirudia mpaka likatukaa lilikuwa hili: ng'ombe wameingia shamba la uwele usiku, mwenye shamba amekuja ofisini na ndugu zake, wana fimbo, na mfugaji naye anakuja na wenzake. Utafanya nini?

Mwanzoni kila mtu alikimbilia faini. Tukajifunza kupanga. Kwanza usalama: watenganishe, ita mwenyekiti na Kamati ya Ulinzi na Usalama, hali ikizidi nguvu zako wajulishe Mtendaji wa Kata na polisi. Pili, mwite afisa ugani afanye tathmini ya hasara, maana bila tathmini kila upande utataja bei yake. Tatu, wasikilize wote wawili, mbele ya wajumbe. Nne, andika: nani alisema nini, walikubaliana nini, nani alisaini. Na usiku ule ule taarifa iende ngazi ya kata, hata kama wameelewana. Anayesaili anataka kuona kama ukiachiwa kijiji kitalala salama.

Vyeti havihitaji maneno mengi, ila vimewarudisha watu mlangoni. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema wazi: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, hati za matokeo za muda hazipokelewi, na kitambulisho kiwepo. Majina yakitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, hata kwa herufi, lishughulikie mapema, kwa sababu hati ya kubadilisha jina inatakiwa iwe imesajiliwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Mimi nilifikia kwa mama mdogo Nkuhungu siku moja kabla, nikalala mapema.

Kwenye mchujo wa kuandika maswali mengi niliyaona yakitoka kwenye kurasa zangu, ingawa kwa maneno mengine. Kwenye mahojiano niliulizwa mgogoro wa wakulima na wafugaji, nikajibu kwa mpangilio ule ule, bila haraka. Mmoja wa wasaili akanibana: "Na mwenyekiti wa kijiji akiwa ndiye mwenye ng'ombe?" Nikamjibu kwamba mwenye maslahi hasimamii shauri lake, kikao kitachagua wa kukiongoza, na Mtendaji wa Kata ataarifiwa tangu mwanzo. Akaandika kitu, tukaendelea.

Niliitwa kazini. Mwenzetu mmoja alifaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, akabaki kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na baadaye akapangiwa kituo nafasi ilipopatikana. Kwa hiyo usifute namba yako ya simu wala kuacha kufungua akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, kwa sababu jina halikutoka mara ya kwanza.

Jumapili zetu zinaendelea. Waliopo sasa wanajiandaa na nafasi ya msaidizi wa kumbukumbu, na tangazo lao tumeshalichambua jukumu kwa jukumu. Tulipokwama ni kwenye utaratibu wa kufungua na kufunga jalada, maana hakuna kati yetu aliyewahi kukaa masjala, ofisi yanakotunzwa majalada. Kama wewe ni mtunza kumbukumbu na uko Kongwa au Dodoma mjini, tunakuomba Jumapili moja tu, mchana.