Mfuniko wa Rejeta, Njia ya Tabora–Kigoma

Tulitoka Tabora saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Septemba, mimi na shangazi, na madumu mawili ya asali kwenye buti. Binti yake alikuwa amejifungua Ujiji, na kwa shangazi mzazi ambaye hajapelekewa asali ya Unyamwezi bado hajatunzwa. Mpaka Kigoma ni kama kilomita 400. Nilikuwa nimemwahidi kwamba jua likizama atakuwa amempakata mjukuu.

Urambo tulipita bila kusimama. Shangazi akasema, kama anavyosema kila tukipita pale, "Hapa ndipo kwa Mirambo," akanyamaza kidogo kwa heshima ya mtemi aliyefariki mwaka 1884 na bado jina lake linatajwa kwa sauti ya chini. Kaliua tulikunywa chai na chapati. Baada ya hapo ni misitu ya miombo kulia na kushoto, mizinga ya magome ikining'inia mitini, na reli inayokaribia barabara kisha inajificha tena.

Tulipopita Chagu, mshale wa temprecha ukanyanyuka.

Mshale huo naujua kama ninavyoujua mlango wa kwangu. Injini ikishapata moto, unasimama chini kidogo ya katikati na haubanduki, iwe mjini au safarini. Wiki tatu kabla ya safari hii gari lilianza kupunguza maji, nikalipeleka gereji moja pale mjini. Walilitazama dakika tano wakasema wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, imekwisha. Nikalipa 180,000, pampu na ufundi. Tangu siku hiyo mshale ulikuwa unachelewa kupanda asubuhi. Nafika kazini bado umelala chini kabisa. Mimi nilifurahi. Nilidhani injini imepata nafuu.

Sasa ulikuwa umevuka katikati na unaendelea kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikashusha vioo vyote, nikafungulia hita mpaka mwisho. Rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini kule mbele; hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari. Inapokea maji yale yale ya moto ya injini, na feni yake inautoa ule moto kwenye maji na kuuleta kwetu. Shangazi alijifunika khanga usoni, akauliza, "Mwanangu, joto hili halijatutosha?" Nikamwambia avumilie, tunaipunguzia injini mzigo. Tulipata kilomita mbili tatu hivi, mshale ukagusa robo ya mwisho. Nikaweka pembeni chini ya mti, nikazima.

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitaeleza pole pole. Kijana wa bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa alisimama kutusaidia. Nilikuwa nimeinua boneti, maji yanasikika yakitokota ndani, naye akasogea na kitambaa mkononi. "Braza, fungua hapo juu tumwagie maji ipoe." Nilimshika mkono. Rejeta ikiwa ya moto, maji ndani yake yamebanwa kwa presha na yamepita nyuzi 100. Bila kubanwa, maji huku kwetu huchemka kabla hata ya 100. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya chai inachemka kwenye 96. Mfuniko ndio unaoyazuia yasigeuke mvuke. Ukiuzungusha, yanageuka yote kwa mara moja na kuruka usoni kwako. Binamu yangu ana baka kutoka kiwiko hadi kiganja kwa ajili ya mfuniko kama huo. Na maji ya baridi kwenye injini iliyoungua yanaweza kupasua silinda hedi, kile chuma kinachofunika injini kwa juu. Unangoja. Hakuna dawa nyingine.

Tulingoja dakika arobaini na tano. Kijana wa mkaa alikaa nasi, sikujua kwa nini, nadhani aliona haya kumwacha mama mtu mzima porini. Shangazi alimmiminia asali kwenye kifuniko cha chupa, akailamba kwa kidole.

Injini ilipopoa niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mpira wa juu, ule mnene unaotoka kwenye injini kuingia kwenye rejeta, ulikuwa umenywea. Pande zake mbili zilikuwa zimekutana katikati, bapa, kama kuna mtu aliyefyonza upepo wote kutoka ndani. Nikatazama tanki la akiba: limejaa mpaka mdomoni, juu kabisa ya mstari wa mwisho. Nikafungua mfuniko wa rejeta. Ulilia kidogo, mpira ukarudi kwenye umbo lake, na ndani sikuona maji. Niliongeza karibu lita mbili ndipo yakaonekana. Maji hayakuwa yamepotea popote. Yalikuwa kwenye tanki, hatua moja tu kutoka yanapohitajika, yameshindwa kurudi.

Tukaenda kwa spidi 60 hadi Nguruka, kijana wa mkaa nyuma yetu mpaka tulipoanza kuona nyumba.

Nguruka tulielekezwa kwa fundi mmoja chini ya mwembe, karibu na mama lishe anayepika ugali na kambale. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ovaroli imepauka magotini. Alimwamkia shangazi shikamoo, akamvutia kiti, kisha akaniuliza swali ambalo gereji ya Tabora hawakuniuliza.

"Kaka, inachemsha ukiwa umesimama au ukiwa unakimbia?"

Nikamwambia inapokimbia.

"Basi feni tuiache kwanza." Gari likikimbia, upepo wa njiani unatosha kupoza rejeta hata feni ikiwa imekufa. Feni mbovu utaijua kwenye foleni, au ukisimama na injini inaunguruma. Likichemsha kwenye mwendo, tatizo liko kwenye maji yenyewe: ama yamepungua, ama hayazunguki inavyotakiwa, ama rejeta imeziba. Kwa swali moja alikuwa ameshaondoa nusu ya washukiwa.

Kabla ya kugusa spana alitaka kujua kama nimeua gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini. Alichomoa stiki ya oili, akaitazama juani, akafungua na kifuniko cha oili na kukipitisha kidole kwa ndani. Maji yakishaingia kwenye oili, utakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Haukuwepo. Akaongeza maji, akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, akainama kutazama shingo ya rejeta kwa muda mrefu. Gasketi ikiungua, gesi ya moto ya silinda inapita kwenye maji na utaona mapovu yanapanda bila kukoma, na mpira wa juu unakuwa mgumu kabla injini haijapata moto. Mapovu mawili matatu yakatoka, yakakoma. "Umesimama mapema, kaka. Ungelazimisha mpaka hapa tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Nilimweleza ule mpira ulionywea. Akatabasamu kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki yake, akaokota mfuniko wa rejeta, akaugeuza.

Nimefungua mfuniko ule labda mara mia na sikuwahi kuutazama upande wa ndani. Una springi, chini ya springi kuna duara la mpira, na katikati ya duara kuna kidude kidogo cha shaba kama kifungo cha shati. Fundi alinionyesha kwa ncha ya bisibisi. Presha ikizidi kiwango, springi inaachia, maji ya ziada yanakimbilia kwenye tanki la akiba. Injini ikipoa, maji yaliyobaki yanasinyaa, na hapo kile kifungo kinatakiwa kufunguka ili rejeta ivute maji yake kutoka kwenye tanki. Changu kilikuwa kimeganda kwa kutu. Alijaribu kukivuta kwa kucha, hakikutikisika. Na mpira wa duara ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Kwa hiyo maji yalitoka mapema kuliko inavyopasa, na yakitoka hayarudi. Kila safari rejeta ilibaki na pungufu kidogo, nami nilikuwa naangalia tanki la akiba, naliona limejaa, naenda zangu.

"Pampu ulibadilisha ya nini?" akauliza. Sikuwa na jibu. Nikamtajia na mshale unaochelewa asubuhi. Akaacha kila kitu, akafungua nyumba ya themostati, kile kimlango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto, bolti mbili, akachungulia ndani, akaniita nichungulie pia.

Hamna kitu. Gereji ilikuwa imeitoa.

Nimesikia maelfu ya mara kwamba huku kwetu kuna joto, themostati ni ya nchi za baridi, itoe maji yapite bure. Huyu kijana alikasirika kweli kweli, na hasira yake imenifundisha. Kwenye injini kama yangu, alisema, themostati ina kazi mbili. Ikifunguka inayaruhusu maji kwenda kupoa kwenye rejeta, na wakati huo huo inafunga njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Asubuhi, mjini, injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta. Ukikanyaga safarini, sehemu ya maji inazunguka mle mle ndani bila kuona rejeta. Rejeta ina pungufu, na kidogo kilichobaki kinapita njia ya mkato. Hayo ndiyo yaliyonisimamisha Chagu.

Alikuwa na themostati mbili za mtumba zinazoingia kwenye injini ile, zote zimepigwa namba 82, yaani nyuzi za kuanza kufunguka. Hakuniambia nichague. Mama lishe akataka kumpa sufuria, akaikataa: kitu kilichokaa kwenye kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, hakiingii kwenye chombo cha chakula, ni sumu, na utamu wake ndio unaoua mbwa na mbuzi. Akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalijaza maji, akalibandika kwenye jiko la mkaa, akazining'iniza zote mbili kwa waya zisiguse chini.

Shangazi alisogeza kiti. "Inajuaje maji yamepata moto?"

"Ndani ina nta, bibi. Ikiyeyuka inatanuka, inasukuma mlango."

"Nta ya nyuki?"

"Nta nyingine, lakini tabia ni hiyo hiyo."

Shangazi, ambaye amekamua masega tangu akiwa mtoto, aliinama juu ya lile kopo kuliko sisi sote. Maji yalianza kutoa vipovu pembeni. Kabla hayajachemka, themostati ya kushoto ilianza kuachana na kiti chake, pole pole, mpaka mwanya ukatosha ncha ya kidole. Ya kulia haikujongea. Maji yakachemka, yakarukaruka, haikujongea. Fundi akazitoa: ya kushoto ikapoa na kujifunga yenyewe, "Umeona?" akasema shangazi, na ya kulia akaipiga kwa nyundo ikapinda, ili asije mtu akaiokota na kuiuza.

Aliifunga nzuri kwa mpira mpya wa duara, kile kitundu chake kidogo cha kupitishia upepo kikiangalia juu. Mfuniko alipata duka la jirani. Walikuwa na wa 0.9 na wa 1.1, namba za presha ambayo mfuniko unaizuia kabla ya kuachia. Mimi nilitaka wa 1.1, nikidhani mkubwa ndio imara. Akakataa. Wa zamani umeandikwa 0.9, na mipira ya gari hili imezeeka. Ukiibana zaidi itapasuka mahali pengine. Hata huo wa 0.9 unayafanya maji yavumilie zaidi ya nyuzi 115 kabla ya kuchemka.

Akamwaga yale maji ya kutu, akajaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya kunywa ya chupa. Gari akalisukumia kwenye mwinuko, pua juu, hita imefunguliwa, mfuniko wazi, akawa anaminya mpira wa juu kama anakamua ng'ombe, upepo unatoka kwa mapovu, anaongeza. Mpira wa chini ulipopata moto akaniwekea mkono wangu juu yake nisikie: themostati imefunguka. Tukangoja feni iwake. Ikawaka, ikazima yenyewe. Ndipo akafunga.

Kazi yote na vifaa ilikuwa 55,000. Shangazi alimjazia asali chupa ya nusu lita, akamwombea dua ndefu. Na mimi tayari nimekaa kwenye usukani, fundi akaja dirishani. "Kaka, ukifika Uvinza usiongeze maji ya kisima. Kule chini ni chumvi." Ni kweli, Uvinza wamekuwa wakichemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi ndani ya rejeta inakula chuma.

Daraja la Malagarasi tulivuka jua likiwa limelegea, mto umetanda kimya kwenye majani. Sikutazama mto sana. Nilitazama mshale. Uvinza, Kidahwe, giza, taa za Kigoma chini na weusi wa ziwa nyuma yake. Shangazi alifika Ujiji saa mbili usiku badala ya magharibi, akapokewa na mtoto aliyelala.

Asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, nilitoka na kanzu ya kulalia nikainua boneti. Injini ilikuwa baridi ya umande. Mpira wa juu ulikuwa mduara. Kwenye tanki la akiba maji yalikuwa yamesimama katikati ya mistari miwili. Nikazungusha mfuniko. Yalikuwa shingoni.