Jinsi tulivyopata fedha za mtaro wa mtaa wetu

Kwa miaka mingi mtaa wetu ulikuwa na ombi moja: serikali itujengee mtaro. Tuko bondeni, upande wa Kinondoni, Dar es Salaam, jirani na Mto Ng'ombe, na kila masika maji yalikuwa yanaingia hadi chumbani. Ombi lenyewe halikuwa na urefu, halikuwa na bei, wala halikuonyesha mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi. Lilipokelewa kila mwaka na kila mwaka likabaki mezani. Mwaka 2019 mkutano wa mtaa uliunda kamati ya mitaro, nami nikapewa ukatibu. Naandika haya kwa ajili ya makatibu wenzangu wa mabondeni, maana fedha zilipatikana, na njia tuliyopita inapitika.

Kwanza nieleze fedha kubwa, kwa sababu watu wengi huzitazama hizo tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa uendelezaji wa jiji, ule ambao sote tunauita DMDP, na katika kazi zake zikawemo barabara za mitaani na mitaro mikubwa ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Mto Ng'ombe ulipanuliwa na kujengewa kingo za zege. Mwaka 2022 ukaidhinishwa mradi wa Bonde la Msimbazi, dola milioni 200 kutoka benki hiyohiyo, Hispania na Uholanzi zikiongeza za kwao. Hizi ni kazi ambazo mtaa hauwezi kuzifanya hata ukichanga karne nzima, na nazithamini kwa moyo wote.

Ila mtaro mkubwa hunywa maji yaliyofikishwa kwake. Ya kwetu yalikuwa yanasimama vichochoro vichache kabla ya kuufikia. Mto ulijengwa vizuri, unaonekana kwa macho, na sisi tulikuwa bado tunapanga viroba vya mchanga mlangoni.

Kazi yetu ya kwanza haikuwa kutafuta fedha. Ilikuwa kujua kipande gani ni cha nani. Sehemu ya juu ya njia ya maji inafuata barabara, na barabara ile iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini. Sehemu ya kati inapita uani kwa watu, katikati ya nyumba, mahali ambapo hakuna ofisi yenye ramani ya mtaro kwa sababu hapakuwahi kuwa na mtaro. Sehemu ya mwisho inagusa kingo za mto, na huko huwezi kutoboa hata tundu la mkono bila kibali cha wahandisi. Ndiyo maana kila ofisi tuliyoingia ilituambia jambo hilo si lake, na kila ofisi ilikuwa inasema kweli. Tulipougawa mtaro kwenye karatasi kufuata wenyewe wake, tuliacha kumwomba mtu mmoja kitu kizima.

Ramani hatukuanza kuichora upya. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapitisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, mtaa kwa mtaa, wakiweka majengo, njia na mitaro kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Tuliipakua ya mtaa wetu, tukaichapisha kwenye duka la stesheneri kwa karatasi kubwa, tukatembea nayo nyumba kwa nyumba. Kila nyumba tuliuliza: masika yaliyopita maji yalifika wapi? Tukaandika kifundo, goti au kiuno. Kipimo hiki kila mtu anacho mwilini na hakuna anayekisahau. Karatasi ile ilipofika kwenye kamati ya maendeleo ya kata ilifanya kazi kuliko barua zote za nyuma, kwa sababu diwani na watendaji waliona viuno vyote vimejikusanya mahali pamoja, nyuma ya barabara isiyo na kalavati.

Fundi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alipima mteremko kwa mpira wa maji, ule wanaotumia mafundi kusawazisha msingi. Kisha akatuandalia mchanganuo: mawe, mchanga, kokoto, saruji, nondo za mifuniko, ufundi. Yeye ndiye aliyesisitiza tuandike bei ya mita moja. Ushauri huu nautoa kwa kila mtu. Jumla kubwa inamtisha anayeombwa na inamfanya afikirie kukataa, lakini mita moja ina bei ambayo hata mwenye duka la pembeni anaweza kuilipia. Jumuiya ya msikiti ililipia mita zake, wauza kuku wakachangishana wakalipia za kwao, na kanisa la jirani vilevile.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, lakini anayekwenda manispaa Mei na ombi lake amechelewa sana. Vipaumbele vya mtaa vinatakiwa viwe na muhtasari wa mkutano uliosainiwa, vipite kata, viingie kwenye rasimu ya bajeti ya halmashauri kabla ya Januari au karibu na hapo. Ombi letu la kwanza liliondolewa kwa sababu ya ukomo wa bajeti. Tulirudi tena tukiwa tumelikata vipande, na vipande tumevipanga kuanzia chini, mtoni, kupanda juu. Mpangilio huu ni wa lazima. Ukijenga kipande cha juu kwanza kwa sababu ndicho kilichopata mfadhili, unachofanya ni kuyaharakisha maji yamfikie jirani wa chini. Kuna fedha tulizoahidiwa kwa ajili ya kipande cha juu tukaomba zisubiri, na wajumbe wengine walikasirika sana. Bado naamini tulikuwa sahihi.

Kwa TARURA hatukwenda na habari ya mafuriko. Tulikwenda na habari ya barabara. Kifusi kilichomwagwa kila mwaka kilikuwa kinabebwa na maji kila masika, kwa hiyo tukawaonyesha kwamba kalavati moja na mtaro wa mawe kandokando vingeokoa ukarabati wa kila mara. Huo ulikuwa mwaka 2021, na ndipo serikali ilipoongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za chini, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kusikiliza. Kalavati liliingia kwenye mpango wao. Saruji na nondo za kipande cha mwisho zilitoka kwenye Mfuko wa Jimbo, ambao upo kisheria tangu 2009 na una kamati yake. Hapo pia mchanganuo wa fundi ndio uliotubeba.

Kipande cha kati ndicho kilichotunyima usingizi. Hakikuwa na ofisi, kwa hiyo kilikuwa chetu, na kilihitaji ardhi kabla ya fedha. Wenye nyumba waliombwa wasogeze kuta, wavunje mabaraza, watoe upenyo wa mita na kitu. Fidia haikuwepo. Wengi walikubali na kusaini mbele ya mtendaji wa mtaa. Lakini palikuwa na mama mmoja mjane ambaye choo chake kilisimama katikati kabisa ya njia ya maji. Baadhi ya wajumbe walitaka abomolewe kwa nguvu ya mkutano. Nilikataa, na namshukuru mwenyekiti kwa kusimama nami. Michango ya kwanza yote ilijenga choo kipya cha yule mama upande wa pili wa kiwanja, kikaanza kutumika, ndipo cha zamani kikavunjwa. Watu walipoona hivyo, waliokuwa wanasita kutoa upenyo waliacha kusita.

Michango yenyewe ilizua mjadala mkali. Mtaa wetu umejaa wapangaji, na mpangaji ana hoja: nikichangia mtaro, nyumba itapanda thamani na mwenye nyumba atanipandishia kodi. Tulikubaliana mchango uhesabiwe kwa nyumba na ulipwe na mwenye nyumba, mpangaji atoe nguvu zake Jumamosi kwa kuchimba na kubeba mawe. Kila shilingi iliyoingia na kutoka ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na risiti zikabanwa pembeni yake. Akaunti ilikuwa na wasaini watatu, mmoja wao kijana wa kundi lililokuwa linatupinga.

Waliobaki kuombwa ni wakazi wa mlimani, juu yetu. Maji yanayotuzamisha hayadondoki kwetu tu. Yanashuka kutoka juu, kwenye mapaa na nyua zilizotandikwa pevingi hadi getini, zisizoacha hata tone lizame ardhini. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayeheshimika sana huko. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, maji yakishatoka kwangu yananihusu nini?" Nikamwomba, "Baba, mvua ikinyesha nikupigie simu ushuke uone." Alishuka kweli, na mwavuli wake na mjukuu. Alipouona ua wa mama mwenye genge umejaa maji ya rangi ya choo, hakusema neno kubwa. Wiki iliyofuata aliitisha wenzake. Walichangia, na wawili kati yao wakang'oa sehemu ya pevingi wakapanda ukoka na miti.

Kuhusu hayo maji ya rangi ya choo nisipite haraka. Bondeni wapo wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo, kwa sababu gari la maji taka ni ghali na vichochoro havilipitishi. Mtaro mpya ungeweza kuwa njia mpya ya kipindupindu. Kwa hiyo sehemu ya makubaliano ya ujenzi ilikuwa kwamba hakuna atakayeunganisha bomba la choo kwenye mtaro, na vijana wa usafi ndio walinzi.

Vijana hao ndio jibu letu kwa swali gumu kuliko la ujenzi: nani atauzibua? Wafadhili hupenda kuzindua mtaro, hawapendi kuuzibua. Kikundi cha vijana kilipata mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, wakanunua guta la kubebea taka. Kila nyumba inalipa ada ya taka kwa mwezi, na fungu la ada hiyo linawekwa kando kwa ajili ya kuzibua mtaro kabla ya vuli na kabla ya masika. Mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023, kikundi kilikuwa tayari na chombo chake na kipato chake, kikaendelea.

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilitupima. Maji yaliingia tena katika nyumba za chini kabisa, siwezi kuficha hilo, lakini yalifika kifundoni pale yalipozoea kiuno, na yalikuwa yametoka siku hiyohiyo. Duka la dawa halikufungwa. Hakuna aliyelala juu ya meza.

Sasa tunapigania chanzo cha kudumu. Berlin hutenga malipo ya maji ya mvua na ya maji taka, na mwenye kiwanja hulipa kwa kila mita ya mraba iliyofunikwa na paa au sakafu inayopeleka maji kwenye mfereji wa umma. Akiacha ardhi wazi, bili inashuka. Kwetu hakuna anayelipia maji ya mvua anayoyasukuma kwa mwenzake. Tumepeleka pendekezo kwenye kamati ya maendeleo ya kata kwamba manispaa itunge sheria ndogo ya ada ndogo kwa nyua kubwa zilizosakafiwa, nyumba za kawaida zisiguswe, na fedha zitumike kwa mitaro ya kata husika tu. Yule mzee wa mlimani amekubali kuwa wa kwanza kusaini. Wenye kumbi na maegesho wanapinga, na tumeomba wapewe nafasi ya kusikilizwa kabla vipaumbele havijapelekwa manispaa. Kipande cha juu kilichobaki, kile cha kuelekea sokoni, kimo kwenye orodha hiyohiyo, na bei yake ya mita imeandikwa.