Tanga hadi Tongoni kwa baiskeli: nenda na kusi usoni, rudi nayo mgongoni

Kipupwe kikikolea Lushoto, watu huanza kuulizia Tanga mjini. Huku pwani mwezi wa Julai mchana ni kama nyuzi 28, masika imekwisha na vumbi bado si kali. Ndiyo miezi ya baiskeli. Wageni wengi huelekezwa Amboni kwanza, kwa ajili ya mapango na kwa kuwa ni karibu, kilomita 8 tu. Sisi tunasema Tongoni, na sababu ni upepo.

Miezi hii kusi ndiyo inayotawala. Asubuhi imetulia, kwenye saa 5 inaanza kusukuma, na alasiri makuti yote ya minazi yamelala upande mmoja. Ukienda Amboni unaelekea kaskazini: utabebwa, utajiona bingwa, halafu wakati wa kurudi miguu imechoka na upepo uko kifuani. Tongoni iko kusini, kwenye barabara ya Pangani, haizidi kilomita 20 kutoka mjini. Ondoka saa 1 asubuhi ukutane na kusi ikiwa bado changa. Kwa baiskeli isiyo na gia ni mwendo wa saa moja na nusu bila kukimbizana na mtu. Amboni iwekee Desemba, kaskazi ikivuma.

Baiskeli ya kukodi ikague kabla hujatoa pesa. Anza na kotapini, ile pini inayoshika mkono wa pedeli. Shika mikono yote miwili ya pedeli uitikise kwa kupingana. Ikicheza hata kidogo, au ukisikia "ko" kila mzunguko, imelegea. Usikubali kuambiwa itajikaza njiani. Pini iliyolegea inakula tundu lake, na tundu likishatanuka hata pini mpya haishiki. Mnyororo ukiubonyeza katikati uzame kama sentimita moja na nusu: ukining'inia zaidi utaruka kwenye meno ukikaza mguu dhidi ya upepo, ukikaza mno unachosha gololi. Siti ipandishe mpaka kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linanyooka. Baiskeli nyingi za kukodi siti iko chini mno, na hapo ndipo maumivu ya magoti yanapotoka, si kwenye umri wako.

Upepo wa tairi ujazwe ugumu wa kutosha: bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu, pazame kidogo tu. Tairi laini ikigonga jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Lakini tundu likiwa moja, mwiba au kigae bado kimo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka kinase, la sivyo utaziba tyubu na kuitoboa tena mita mia mbele.

Viraka vingi hubanduka kwa haraka ya mtu. Kwaruza kwa msasa, pangusa jasho na mchanga, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja kama dakika tano mpaka ukigusa hainati kidoleni. Hapo ndipo bandika, ukandamize toka katikati kwenda pembeni. Beba viraka, pampu, spana na maji lita mbili kwa kila mtu. Madafu ni ya kuburudika, usiyafanye ndiyo mpango wa maji.

Tongoni penyewe pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Nguzo nyingi zimeanguka. Tazama vishimo vya duara: ndimo zilimopachikwa bakuli za kaure. Usikanyage wala kuegemeza baiskeli kwenye kuta. Kwenye mafungu ya pwani hii meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Yule naye alitoka India kabla upepo haujageuka. Kuvuka bahari toka Malindi hadi India kulikochukua siku 23 wakati wa kwenda kukawa kwa karibu miezi mitatu wakati wa kurudi, mabaharia wakafa wengi, na mwaka 1499 São Rafael ikachomwa moto pwani hiihii kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Ukishuka ufukweni, baiskeli iache juu. Mchanga wa maji ya chumvi ukiingia kwenye mnyororo huanza kusaga papo hapo, na kutu huonekana kesho yake. Geuza saa 8 ukiwa na muda wa pancha moja. Jua huzama kama saa 12 na nusu na baiskeli nyingi hazina taa.

Ukifika, ioshe kwa maji ya bomba, ikaushe kwa kitambaa, kisha tia mnyororo mafuta ya cherehani tone moja kila pingili na ufute yanayobaki juu. Mafuta ya kupikia hapana: yanaganda na kushika vumbi.