Kaburi la udongo na samaki 153

Kila Juma Kuu, hapa kwetu Kisumu, watoto wangu hufinyanga kaburi la Yesu, nami nimesadiki kwamba mikono yao huielewa Pasaka kabla masikio hayajaielewa. Masika huwa yameanza, kwa hiyo udongo mzuri wa mfinyanzi haukosekani. Hulifinyanga mapema na kuliacha kivulini lisije likapasuka, kisha Ijumaa Kuu, baada ya kusomewa habari za Yusufu wa Arimathaya, huviringisha kitambaa cheupe kiwe mwili uliovishwa sanda, wakaulaza ndani na kuziba mlango kwa jiwe.

Jumamosi halifunguliwi. Wapo wazazi wanaoona afadhali kuharakisha furaha ili mtoto asihuzunike, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mtoto ambaye hakuliona kaburi likiwa limefungwa hatakuwa na la kustaajabia atakapolikuta wazi. Acheni aulize, tena aulize mara nyingi, lile swali la wanawake katika Injili ya Marko: ni nani atakayetuvingirishia jiwe?

Alfajiri ya Jumapili mimi hutangulia kuamka, nikaliondoa jiwe na kuacha sanda tupu, na ile leso ya kichwani nikaikunja kando peke yake, kama asemavyo Yohana katika sura ya 20. Hapo ndipo maswali mazuri huzuka, kwani hata mtoto mdogo hutambua kwamba mwizi hasimami kukunja nguo.

Mayai ya rangi siyapingi. Waorthodoksi huyapaka nyekundu kuashiria damu ya Kristo, lakini yai lisiloelezwa hubaki kuwa pambo tu.

Kwa watoto wa ziwani, mimi hupenda zaidi sura ya 21 ya Yohana, ambapo Bwana aliyefufuka anawaandalia wanafunzi samaki juu ya makaa baada ya wao kuvua samaki 153 bila wavu kupasuka. Tunatundika ukutani kipande cha wavu mkuukuu wa omena, yaani dagaa, na watoto hukata samaki kutoka kalenda za zamani, kila samaki akiandikwa jina la mtu wa kuombewa. Hawakatwi wote kwa siku moja. Kipindi cha Pasaka kina siku 50 hadi Pentekoste, basi samaki watatu kila siku wanatosha, na siku tatu za mwisho wakatwe wanne wanne.