Siku moja maishani mwangu: nimeshinda na familia ya karne ya 15

Saa 12:30 asubuhi. Februari hapa Nürnberg saa hizi bado giza. Chai ya tangawizi nainywa nimesimama, navaa makoti mawili, nawahi tramu. Nyumbani Moshi nikisema mimi ni fundi vioo wanadhani naweka madirisha ya alumini. Kumbe natengeneza vioo vya rangi vya makanisa ya zamani. Sibishani nao sana.

Saa 1:30. Karakana. Chai hairuhusiwi mezani, kwa sababu madini ya risasi yanayoshikanisha vipande vya kioo ni sumu. Damu yetu hupimwa mara kwa mara. Kwenye meza yenye taa chini yake imelala paneli moja ya dirisha, ya mwisho wa karne ya 15, kutoka kanisa la kijijini. Imechorwa familia iliyolipia dirisha hilo. Baba amepiga magoti kushoto, wana watatu nyuma yake wakipungua urefu kama ngazi. Kulia mama na binti wanne, wote viganja vimekutana. Katikati ngao mbili, nembo ya ukoo wa mume na nembo ya ukoo wa mke, kwani ndoa ilikuwa ya koo mbili na kila upande ulitaka uonekane.

Juu ya kichwa cha mvulana wa pili kuna kimsalaba kimechorwa, kidogo kuliko punje ya mchele. Maana yake dirisha lilipotengenezwa yeye alishafariki. Lakini hawakumtoa kwenye mstari. Kavaa kama ndugu zake, kapiga magoti kama wao. Kwenye fomu ya kazi niliandika: watoto sita, na marehemu mmoja.

Saa 3:00. Leo ni zamu ya binti wa mwisho. Uso wake unaenea kwenye ukucha wa kidole gumba changu. Zamani ulivunjika, na fundi mmoja wa enzi hizo akauunga kwa kupitisha ukanda wa risasi kutoka kwenye jicho hadi kidevuni. Ndivyo walivyokuwa wakiunga. Matokeo yake mtoto ameishi miaka mingi kama mwenye kovu.

Nalegeza lehemu, nakata ukanda kwa kijembe, navuta. Vipande viwili vinatoka. Naviweka chini ya hadubini na hapo kazi inasimama kwa muda, maana siwezi kuacha kutazama. Nywele zake ni za njano bila kiungo chochote kati yake na uso: wachoraji walipaka mchanganyiko wa fedha nyuma ya kioo cheupe, na moto wa tanuri ukaigeuza njano. Kisha mbele wakapaka rangi nyeusi, na kabla ya kuichoma wakaikwangua kwa kijiti, unywele mmoja mmoja, mwanga upate kupita. Kwenye shungi la kushoto nimehesabu mikwaruzo minane. Wa sita umepinda. Mkono ulimteleza, akauacha vilevile.

Saa 6:30 mchana. Badala ya kula naenda kanisa la St. Lorenz. Mawingu yamejaa, na kwa kutazama vioo mimi napenda mawingu kuliko jua kali. Mwanga unatawanyika sawasawa na kila mstari unasomeka. Nasimama mbele ya dirisha la ukoo wa Volckamer, la mwaka 1481 hivi, kazi ya karakana ya Peter Hemmel wa Strasbourg. Juu kuna watakatifu na mti wa Yese, yaani mti wa ukoo wa Yesu. Chini, usawa unaofikiwa na macho ya muumini, Peter Volckamer na jamaa yake. Mahali walipochagua panachekesha kidogo. Kule kwetu benchi la kanisa huandikwa "Limetolewa na familia ya fulani", pale pale utakapolisoma ukipiga magoti.

Tena ubinafsi huo huenda ulisaidia. Mji ulipofuata mafundisho ya Luther mwaka 1525, madirisha hayakuvunjwa. Ilikuwa mali yenye nembo za wakubwa wa mji wenyewe. Na Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, vioo vilishushwa vikafichwa kabla mabomu hayajaliangusha paa.

Saa 8:00. Kuunganisha uso. Tone la gundi ya epoksi linatakiwa lijivute lenyewe ndani ya ufa. Langu likawa kubwa, likafurika hadi shavuni. Bosi akaja na lenzi yake, akaniambia neno moja: "Tena." Nikasafisha, nikaanza upya. Saa nzima imepotea. Upande wa nje sikuugusa: kioo cha zamani kilipikwa kwa majivu ya miti, na maji ya mvua hukila taratibu hadi kinaota ukoko. Ukikwangua ovyo unaondoka na rangi.

Saa 11:00 jioni. Ufa hauonekani tena, ila ukiinamisha kioo. Gundi iachwe ikauke.

Saa 12:30 jioni. Nampigia mama, kwake ni saa 2:30 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nadanganya kwamba nimekula. Picha ya paneli nilishamtumia, nikamweleza na kile kimsalaba.

"Wanaume upande wao, wanawake upande wao," anasema, "kama kanisani kwetu zamani." Kisha nasikia anahesabu polepole, jina la kila mmoja likiwa kidole tu kwenye skrini.

"Watoto saba," anasema. "Mama yao kazaa."