Idi hii maji gani, Bagamoyo au Kigoma?

Kila Idi ikikaribia nyumbani kwetu kunakuwa na bunge. Sie tunakaa Tabora, na mtu wa Tabora akitaka kwenda kukanyaga mchanga siku mbili tatu kwetu tunabishania njia mbili, ateremke mashariki mpaka baharini au aende magharibi mpaka Kigoma, Ziwa Tanganyika, mwisho wa reli. Bwawa la Igombe lipo ndio, ila watoto wangu wakubwa sasa, Igombe hawadanganyiki.

Mimi ni mtu wa ziwa. Mume wangu kazaliwa Urambo, bahari kaiona ukubwani, na mapenzi ya ukubwani mnayajua yalivyo. Ukimwambia Kigoma ni kilomita 400 na kitu, Dar ni mara mbili ya hapo, anakujibu "bahari ni bahari mama, ziwa ni maji ya kunywa". Basi mwaka jana Idi ndogo nikamwachia ashinde. Tukapanda basi mpaka Dodoma, tukalala kwa wifi, asubuhi tukadaka treni ya SGR (nayo tangu ianze kufika Dodoma 2024 ndio kaongezea sababu), chini ya saa nne tuko Dar, tukaunganisha mpaka Bagamoyo. Hapo kiukweli sina lawama, safari ilikuwa tamu.

Gesti tuliambiwa kwenye simu "mpo baharini kabisa, mnatoka mlangoni mnaingia majini". Idi pili saa nne asubuhi watoto wako tayari, boya limejazwa upepo, mafuta wamepakwa, tukatoka mlangoni kama tulivyoambiwa. Bahari haipo. Sitanii, kuna mchanga umelowa, tope la kijivu, vidimbwi, majahazi yameegemea ubavu kama ng'ombe waliochoka, na huko mbaaali kabisa kuna mstari wa bluu. Mwanangu wa mwisho akaniangalia akasema, "Mama, kumbe na huku maji yanakatika?" Mtoto wa Tabora huyo, ndo anachokijua.

Tukajaribu kuyafuata kwa miguu. Nusu ya safari mkubwa akakanyaga vile vidude vya miiba myeusi, kilio, tukageuza. Kuna mzee alikuwa anashona nyavu kivulini akatuhurumia, akasema wanangu nyie mmekuja siku za bamvua, mwezi ndo kwanza umeandama, maji yatarudi alasiri. Nikakaa pale nikamuuliza kila kitu maana hasira zilikuwa zimenishika. Kumbe mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja vinavuta bahari kwa pamoja, ndo bamvua hiyo, maji yanajaa sana na kupwa sana. Nusu mwezi ndo kuna maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Na pwani ile siku za bamvua maji yanakuwa yameondoka kuanzia saa nne saa tano hivi asubuhi, kujaa kwake ni saa kumi kuendelea. Sasa fikiria wewe mwenyewe, Idi ndogo inakuja lini? Mwezi ukiandama! Yani ukiambatanisha bichi na Idi ndogo kule, kila mwaka asubuhi yako unaangalia tope.

Saa kumi kweli maji yakaja, yamejaa mpaka karibu na ukuta, mazuri, ya uvuguvugu. Na mvua ikaja nayo maana ni masika. Tukaogelea kama nusu saa.

Nisiwe mnafiki, Bagamoyo ina vyake. Supu ya pweza jioni nilikunywa vikombe vitatu. Magofu ya Kaole tulienda. Na kuna kitu kilinigusa, ile njia ya misafara ya zamani iliyoanzia Ujiji ikapita kwetu Tabora ndo ilikuwa inaishia pale, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na pembe mabegani mwendo wa miezi, halafu mimi nimekuja kwa treni yenye kiyoyozi nalalamika maji yamekupwa.

Mwaka huu bunge lilikuwa fupi. Kigoma.

Basi la alfajiri, Urambo (mume wangu akanyoosha shingo dirishani kama kawaida yake), Kaliua, daraja la Malagarasi, Uvinza nikanunua chumvi, saa nane na kitu tukaona maji. Kesho yake tukaenda Jakobsen, ule ufukwe upande wa Katonga, unalipia kuingia. Vighuba vidogo vya mchanga katikati ya mawe na miti, na maji yake nyie, umesimama yamekufika kifuani unahesabu vidole vyako vya miguu. Vile visamaki vya rangirangi ambavyo wazungu wanafuga kwenye vioo sebuleni vinapita katikati ya miguu ya mwanangu bure. Saa nne maji yapo, saa saba yapo, jioni yapo palepale. Hayana chumvi, mtoto akimeza hatapiki, macho hayawashi.

Ila nawaambia na mengine. Hili ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na halikusubiri katikati ndo lianze kuwa na kina, sehemu nyingine hatua chache tu kutoka ufukweni huna pa kukanyaga, na maji baridi hayakubebi kama ya chumvi. Watoto wavalishe boya. Halafu usijitose popote tu, penye majani na maji yaliyotulia kichocho kinaweza kuwepo, na habari za mamba waulize wenyeji kabla hujavua viatu. Mume wangu alianza na kejeli kwamba "halina hata mawimbi", mchana upepo ukaamka, wimbi moja likambeba na mkeka wake na ndala. Akanyamaza mpaka jioni.

Jioni sasa. Bagamoyo jua linazama nyuma ya nyumba, huna habari nalo. Kigoma linazama mbele yako, linateremka kwenye milima ya Kongo ng'ambo, na linachelewa, saa moja na dakika kumi bado unaliona, kama dakika 40 nyuma ya Dar. Likishaingia, kwa kuwa ni mwezi mchanga na giza ni totoro, ndo zinaanza taa za wavuvi wa dagaa, moja, tano, hamsini, mpaka ziwa linakuwa kama mji. Dagaa wanafuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwaiti, wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo mwezi uleule ulioninyima bahari ndo ulionipa dagaa! Asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wamejaa, wanameta, nikala wabichi wa kukaanga, mchana samaki wa mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. (Angalia tu lisiwe limefungwa, 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei.)

Na kwetu mvua ilinyesha, siku nzima ya pili, tulicheza karata. Na ule mfuko wa dagaa wakavu niliomnunulia mama mkwe ulinuka basi zima, kuna dada alihama siti.

Sasa juzi mume wangu kakaa na kalenda anahesabu na vidole, kaja anacheka. Idi kubwa ni tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu ndo yanaisha, mchana bahari ipo, na huko Kigoma mwezi unazidi kukua dagaa wanaanza kupungua. Kwa hiyo Idi kubwa anadai ni yake. Hesabu nimeikagua, iko sawa, sina pa kushika. Nimemwambia twende, ila safari hii gesti naipigia simu mimi.